Wadogo Wanawe Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Huku Iyula tupo, ila nimechoka. Kahawa tumeanika, na magoti yangu hayataki tena kukunjika. Baba yako, yule mwalimu mkuu niliyemzaa mimi, anakusalimu.

Umeniuliza kwa nini kwangu watoto hunawa kabla ya wazee, hata mumeo alishangaa. Zamani tulinawa wote katika beseni moja, wakubwa wakitangulia. Zamu ya watoto ilipofika, maji yalishakuwa na rangi ya chai. Msimu mmoja wa mavuno likaingia tumbo la kuhara. Wakubwa waliumwa siku mbili, wakarudi shambani. Baba yako, mtoto mnene kuliko wote kijijini, akawa mwepesi kuliko kitenge nilichombebea. Mengine siandiki. Alipona.

Siku alipokaa tena kula nasi, nyumbani kukiwa na wageni, mama mkwe wangu alishika jagi, akaanza kuwamiminia watoto.

"We mama, unatuvunjia heshima mbele ya wageni?" baba mkwe akafoka.

"Heshima haiharishi, mzee wangu. Anayeharisha ni mtoto."

Mzee akasubiri zamu yake.

Juzi mdogo wako kaniita, "Bibi, njoo mbele unawe na wadogo." Nikakasirika! Mimi, mama wa mwalimu mkuu? Kisha nikakumbuka kile kikohozi kilichoingia hapa nyumbani: watoto kiliwapitia tu, mimi kikanilaza mwezi mzima. Nikaenda.

Wewe na mimba yako hiyo, ukija Krismasi usikae nyuma kwa adabu. Njoo huku mbele, nimekushikia nafasi.

Bibi yako