Baba, Niliifunika Sauti Yako

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari la sinema, hapa Nakuru, vumbi la ziwani limenijaa puani. Najua hukusoma, na hata ungesoma, huko uliko barua hazifiki. Lakini unanijua. Nisiposema naumwa, na jambo hili limenikaa kooni.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana ulituacha kabla sijaianza. Gari letu linazunguka Gilgil, Rongai, mpaka kule juu kwenye mashamba ya ngano. Giza likiingia tunatundika kitambaa cheupe, tunawasha jenereta, na watu wanakaa chini na watoto wao kutazama filamu za bure. Filamu zinasema Kiingereza. Mimi nasimama kando na kipaza sauti nikieleza kwa Kiswahili: hapa wanaonyesha namna ya kuchimba choo, hapa ni ng'ombe wa kisasa. Nikitia mzaha kidogo watu wanavunjika mbavu. Wananiita Bwana Mdomo. Wanaokukumbuka husema mtoto wa nyoka ni nyoka, eti nimerithi koo lako. Wakisema hivyo natazama chini.

Koo lako lilikuwa na kazi ya maana, baba. Nakumbuka ile likizo uliyonichukua mpaka kwenye njia ya reli, upande wa Rongai, nione unavyokula jasho lako. Wanaume wamejipanga kandokando ya chuma kirefu cha reli, koleo za kukibania mikononi, na wewe umesimama mbele peke yako bila kushika kitu. Nikafikiri, kumbe baba yangu ni mkubwa hapa! Halafu ukaanza kuita. "Chuma kizito!" Nao, "Nyanyua!" "Mwenyewe yuko wapi?" "Yuko kivulini!" Na chuma kikapanda kama kuni za mama. Wakatembea nacho kwa wimbo, wakakitua kwa wimbo, siku ile uliposema "Weka" hakuna aliyechelewa wala aliyewahi.

Mimi nikakuuliza kitu katikati ya wimbo. Ukanikata jicho ambalo sijalisahau. Baadaye, tukinywa uji, ukanieleza sheria yenu: chuma kikiwa juu, anayesema ni mwimbishaji tu. Hata nyapara anafunga mdomo. Ukanionyesha mguu wa Mzee Barasa, rafiki yako, vidole vilivyobaki. Siku moja nyapara mgeni alipayuka amri wimbo ukiendelea, mmoja akaachia koleo, na chuma kikamwangukia Barasa. "Ulimi hauna mfupa," ukasema, "lakini unavunja mifupa ya wenzako." Barasa akacheka, akasema vidole vyake viliondoka bila kuaga.

Ndipo wakaja Wazungu wa kupiga filamu, wakitaka kuwapiga mkiwa kazini. Ulinipeleka mwenyewe niwe mkalimani, ukawaambia, "Huyu mtoto wangu anajua Kiingereza chote." Mungu wangu, chote! Wakawavalisha mashati meupe mapya. Wakawafanya mnyanyue chuma kilekile, mkirudishe, mnyanyue tena, mpaka jua likapita utosini. Walitaka mcheke. Nikatafsiri: wanasema mcheke. Ukanijibu, "Waambie chuma hakijui kuigiza." Sikuwaambia. Niliwaambia umesema sawa. Jioni wakayachukua mashati yao, nawe ukalikabidhi lako likichuruzika jasho, ukasema umewarudishia na faida. Genge zima likaangua kicheko, na cheko lile ndilo walilolitia kwenye filamu.

Mvua za mwaka ule zikakushika kifua. Ukaenda kabla filamu haijarudi kutoka ng'ambo. Na wale wa filamu, waliponikumbuka yule kijana wa Kiingereza, wakaniita kazini. Kazi nimeipata mgongoni mwako, baba, na nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi sana.

Sasa nakuona karibu kila wiki. Uko pale kwenye kitambaa, mrefu kuliko mti, kichwa umeinua, mishipa ya shingo imesimama. Mzungu anayesema ndani ya filamu hunyamaza kabisa mahali hapo, akuache uimbe. Hajui maana, alidhani ni wimbo wa furaha. Lakini bwana wetu wa gari hapendi kimya, anasema watu wakiachwa kimya wanaondoka. Amenipa maneno ya kusema hapo hapo, na mimi nayasema kwa sauti ya asali: "Tazameni wafanyakazi wetu wa reli! Wameshiba, wana afya, wanaimba kwa sababu wanaipenda kazi yao!" Huku Kamau, yule wa tatu kwenye mstari, alishachukuliwa na lori la askari siku hizi za hali ya hatari, na mkewe hajui yuko wapi. Nasema ameshiba. Nikimaliza maneno, nawe umemaliza wimbo. Hakuna aliyewahi kukusikia. Mimi mwenyewe sijakusikia.

Usifikiri sikuona aibu. Niliona. Nikajiambia kazi mbaya si mchezo mwema, na nyumbani kuna mama na wadogo zangu. Nikajiambia kwamba angalau nakuona. Watu hujiambia mengi wakati tumbo limeshiba.

Halafu wiki jana tukaenda Rongai. Uwanja ulijaa, wafanyakazi wa mashamba, wanawake na mitungi yao, wazee wa reli waliostaafu. Filamu yako ikaja. Ukainua kichwa, nami nikashika kipaza sauti. "Tazameni wafanyakazi wetu..." Sikufika mbali.

"Wewe kijana, nyamaza! Chuma iko juu!"

Alikuwa Mzee Barasa, amesimama katikati ya watu na fimbo yake. Hakuwa anafanya mzaha, baba. Alikuwa anaogopa. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya wale watu wa kwenye kitambaa.

Nikanyamaza. Wallahi sikuamua, mdomo ulijifunga wenyewe kama siku ile uliponikata jicho. Na sauti yako ikatoka kwenye spika, imekwaruza, lakini ni wewe. "Mwenyewe yuko wapi?" Kutoka gizani, wazee wakajibu, "Yuko kivulini!" Ukauliza tena, na safari hii wakajibu hata wale ambao hawajawahi kugusa reli, hata wanawake wanaochuma pareto mashambani. Nilisimama pale nikilia kama mtoto, na kipaza sauti mkononi.

Ungeniona ungejivuna, eh? Ngoja. Bwana alipokuja mbio kuuliza kulikoni, nilimwambia kipaza sauti kimegoma. Ndiyo. Barasa amesimama palepale anasikia, na mimi nikasema nyaya zimeachia. Mzee akanitazama, akatikisa kichwa, akaondoka akichechemea bila kuniaga.

Nikarudi nyumbani na sehemu moja tu ya habari, ile nzuri. Nikamwambia mama kwamba baba ameimba Rongai na watu wamemjibu. Nilitaka nimpe furaha. Unajua hajawahi kuja kwenye sinema, husema macho yake hayawezi taa zile. Alikuwa anachambua maharagwe, wala hakuinua kichwa.

"Nilikuja," akasema. "Ile siku ya kwanza, hapa uwanjani. Nilikaa nyuma, sikutaka unione."

"Kwa hiyo ulimwona baba?"

"Nilimwona. Sikumsikia. Kuna mtu alikuwa anaongea."

Hakusema ni nani. Akaendelea na maharagwe yake. Baba, ningetamani anitukane.

Jumamosi tunaonyesha filamu yako hapa hapa, karibu na nyumba za reli. Asubuhi ya leo nimekwenda kwa bwana nikamwambia kipaza sauti ni kizima, kilikuwa kizima hata Rongai, na kwamba yule anayeimba ni wewe uliyenizaa, na ukiimba mimi sitasema. Akauliza, "Sasa wewe nakulipia nini?" Akasema tutazungumza Jumatatu, na kwa uso ule najua mazungumzo ni ya namna gani. Sikuambii haya unisifu. Nimechelewa, na ilibidi mzee mwenye mguu mbovu anipigie kelele ndipo nikumbuke wewe ni nani.

Mama ameshapiga pasi leso yake. Amesema safari hii atakaa mbele kabisa. Lala salama, baba yangu. Jumamosi ni wewe utakayesema.

Mwanao wa kwanza,
yule uliyewaambia anajua Kiingereza chote.