Baba Mwenye Upara na Benchi la Kinyozi

Shangazi, shikamoo. Kabla hujaanza kunihurumia, ujue unayemsoma ni kinyozi aliyezaliwa na bahati, shule niliachia darasa la sita lakini dunia nimeitembea, nimenyoa mabaharia, nimenyoa mapadri, na leo kwenye kibanda changu watu wanapanga foleni hadi nje, wengine nawarudisha. Shida yangu ni baba tu.

Mzee ana miaka sabini na sita na kichwa upara mtupu, nzi akitua anateleza, lakini tangu mama afariki alikuwa anakuja kibandani kila asubuhi, anakaa kwenye benchi la wateja, anabishana mambo ya mpira, anauliza kila anayeingia goti lake linaendeleaje, na mimi kwa akili zangu nyingi nikaona anajaza nafasi, nikabandika tangazo: BENCHI NI LA WENYE NYWELE. Shangazi, nilikuwa natania! Nusu. Mzee akalisoma polepole, akavaa kofia, akasema, "Sawa, bosi," akaondoka. Nikamnunulia televisheni pana kama mlango ale maisha nyumbani. Kumbe kila siku anavuka barabara kwa kinyozi mpinzani wangu, anapanda kwenye kiti na kusema, "Nipunguzie pembeni," na yule mnafiki anapitisha mashine hewani, vrrr, anampaka poda, kisha mzee anahamia benchini hadi jioni, maana sasa ni mteja halali! Nikamfuata: "Baba, unaniaibisha, huku kuna nini ambacho nyumbani hakuna?" Akanijibu, "Watu." Benchi zima likacheka. Naomba unisaidie, nimrudisheje?

Na ile foleni niliyokutajia, Shangazi, ni uongo. Wateja walimfuata mzee. Barua hii naiandika nimekaa kwenye kiti cha kunyolea, peke yangu.

*

Marahaba, bingwa wa mashine.

Hongera, umemfukuza mtu mmoja ukafunga duka zima. Baba kafiwa na mke, wewe ukampa televisheni. Imewahi kumuuliza amelalaje? Na huyo unayemwita mnafiki ananyoa hewa kila siku ili mzee wako asione haya kukaa. Wewe uliyemzaa hilo lilikushinda? Samahani, nimekosea, ni yeye aliyekuzaa. Ulivyomtimua, mtu angechanganya.

Umekiri, na kukiri kunataka moyo, kwa hiyo matusi yangu yanaishia hapa. Ila usiende kumvuta awe chambo cha wateja, atakugundua kabla hujafunga mdomo. Bandua hilo tangazo leo. Kesho funga kibanda, vuka barabara, mshukuru mwenzako, kisha muombe baba radhi kwa sauti, benchi zima lisikie. Muulize siku zipi angependa kukaa kwako na zipi abaki huko, kwani mzee kuwa na mabenchi mawili si usaliti. Akikataa kabisa kurudi, ni haki yake, utakuwa unakwenda wewe. Na ukienda, usisimame mlangoni ukitazama saa. Kaa karibu naye. Akianza mambo ya mpira, mbishie.