Yumo Kwenye Mahindi Yetu

Wanging'ombe, Jumanne usiku

Komeo nimelikagua tena. Nguruwe pori aliyechomwa mkuki jioni bado yumo kwenye mahindi yetu, na choo kiko nyuma ya mahindi hayohayo. Mume wangu amelala Makambako, simu yake haipatikani.

Wawindaji wamenikera! Walimjeruhi nguruwe, ukungu ukashuka, wakaita mbwa wao wakaondoka. "Usiogope, mama, huyo ameshakufa," mkubwa wao aliniambia. Lakini alisema huku akirudi kinyumenyume, macho kwenye mahindi.

Nimemwekea mama mkwe ndoo chumbani, maana huamka alfajiri kwenda chooni. Nikamtuliza kwa maneno yaleyale, kwamba ameshakufa.

Akanitazama. "Mwanangu, tangu lini wanaume wakaacha nyama shambani?"