Sabuni ya Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Tumefika. Baba amechoka ila hakubali. Alishuka kwenye basi bila kuniegemea, akasimama mbele ya nyumba ya wageni akinusa hewa. "Salfa hiyo," akasema, kama mtu aliyesikia harufu ya jikoni kwao. Kwangu mimi ni mayai viza tu.

Amefundisha jiografia maisha yake yote. Chemchemi za maji moto zinazoruka amezichora ubaoni kila mwaka, kwa chaki nyekundu na ya buluu. Hajawahi kuona hata moja. Na presha ya macho inamla polepole. Jicho la kushoto limeshakwenda. Daktari alisema kama kuna kitu anataka kukiona, akione sasa. Basi nimemleta.

Jumanne, 4 Juni

Uwanja mzima unafuka mvuke. Tunapita juu ya njia ya mbao, pembeni kamba. Mwongozaji, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, ametuonya: hakuna kutupa kitu ndani, hata sarafu. Chemchemi kubwa kuliko zote wanaiita Bibi Harusi, maana watu wamekaa wanamngoja na yeye hana habari. Hana saa maalumu. Anaweza kutoka asubuhi, anaweza kukaa kimya siku nzima.

Baba akawa mwalimu tena. Wageni wakamzunguka. Maji ya mvua yanazama chini sana, akasema, yanakuta mwamba wa moto. Yanataka kuchemka lakini njia ya kutokea ni nyembamba, na maji ya juu yameyakalia kichwani. Yanazidi kupata moto, yamebanwa. Mwisho kidogo yanamwagika juu, uzito unapungua — basi! Yote yanageuka mvuke kwa mkupuo. Wakampigia makofi. Nilijivunia, jamani.

Alasiri nikamwambia aende msalani, amejibana mno. Hataki. Nikamlazimisha, nikamwongoza kwa mkono kama mtoto. Tukiwa huko huko — kelele, vifijo! Tulipotoka mbao zimelowa, watu wanaonyeshana picha kwenye simu.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Kumbe ana sauti kubwa vile." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na hapa ilivyo, inaweza kweli.

Jumatano, 5 Juni

Kimya. Benchi. Manyunyu. Baba hanywi hata chai, anaogopa msalani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya. Sijui niandikeje.

Asubuhi nilipita uani. Mama Dobi, anayefua mashuka ya nyumba hii, alikuwa anaanika. Mcheshi sana, humwita baba "mwalimu wa maji". Pakiti ya sabuni ya unga ilikuwa kando ya karai. Aligeuka kuchukua vibanio. Nikaitia mfukoni.

Baba alinifundisha mwenyewe. Kidato cha pili, nakaa dirishani. Alitusimulia habari ya madobi waliofua kwenye chemchemi ya moto: sabuni ikayafanya maji yaumuke mapovu, yakalipuka kabla ya wakati wake, nguo zikapaa hewani. Darasa zima tulicheka. Darasani hakuwahi kuniita mwanangu, asije akaonekana anapendelea. Ilikuwa "wewe wa dirishani". Wewe wa dirishani, simama ujibu! Nilikuwa namchukia kwa dakika arobaini kila siku, tukifika nyumbani yanaisha.

Mchana watu walikwenda kula. Baba anasinzia kwenye benchi. Nikaruka kamba. Nikamimina yote. Nikarudi, nikakaa, nikamtikisa. Baba, amka. Sikiliza.

Akatoka! Alitoka, jamani, na mngurumo wake, akapita urefu wa miti. Baba alivua miwani, akavaa, akavua. Analia wala hajifichi. Akanishika mkono — ule ule uliomimina. "Mwanangu, ni kama nilivyochora."

Nikalia na mimi. Alidhani ni furaha.

Ijumaa, 7 Juni

Pakiti iliniponyoka. Mwongozaji ameikuta chini ya mbao, na mapovu kwenye mawe. Ni ya nyumba ya wageni, ina alama ya stoo. Mama Dobi hukatisha uwanjani kila siku akienda kwao. Basi, wamemaliza upelelezi! Meneja amemwambia kesho asubuhi achukue vitu vyake aende.

Nilikuwepo, na kikombe cha chai mkononi. Unajua nilisema nini? "Pole, mama." Kwa macho makavu. Naye akanishukuru!

Nilitaka kusema. Nikajikaza kisabuni. (Neno gani hilo la kuniponyoka leo!) Meneja simwogopi, hata kidogo. Namwogopa baba. Anamsimulia kila mtu, mpishi ameshasikia mara kadhaa. Nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee alichokiona. Na Bibi Harusi hajatoka tena tangu jana. Mwongozaji hajui kama atatoka.

Najionea aibu mpaka kula siwezi.

Jumamosi, 8 Juni

Basi letu ni saa sita. Mama Dobi anafunga kanga zake uani. Baba akauliza kulikoni. Akaambiwa — mapovu, pakiti, yote. Akachukua fimbo yake ya kutembelea, moja kwa moja mpaka kwa meneja. Mimi nyuma.

Alipandisha sauti ya darasani. Mnamwonea huyu mama. Angejuaje kwamba sabuni inamtoa Bibi Harusi? Jambo hilo si la kila mtu, lazima mtu afundishwe. "Mimi mwenyewe nilikuwa nalifundi—"

Akaiegemea fimbo.

Hakugeuka kunitazama. Meneja akangoja. Baba akasema kwa upole anaomba dakika chache, mama asiondoke kwanza.

Nikakimbilia chumbani. Naandika nimekaa kitandani. Uani Mama Dobi anauliza nani ataanua mashuka mvua ikija. Nasikia fimbo ya baba koridoni inagonga ukuta, polepole, kule hakuna taa na jicho lenyewe moja. Ningekwenda kumshika mkono. Siendi.

Amefika mlangoni. Hagongi. Nasikia anavyohema.

Sema "mwanangu", baba. Tafadhali, sema "mwanangu".

"Wewe wa dirishani," anasema.