Pora Aliyewika kwa Jirani

Jumatatu, 2 Juni 1975
Maji, kuni, shamba la kijiji. Baridi inakata masikio. Mapora wangu wawili wamepigana tena, mwekundu na mweupe. Vilemba vimeanza kuiva. Shingo wazi wote, kama kuku wote wa marehemu mama. Wengine wamekufa tangu tuhamishiwe hapa mwaka jana. Mbegu ni hao tu.

Alhamisi, 5 Juni
Shemeji anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kutoka Matai. Mgeni hali majani ya maboga kwangu. Pora mmoja atachinjwa. Kanuni ya mama: wa kwanza kuwika anabaki awe mbegu. Nasubiri.

Jumanne, 10 Juni
Nimesikia! Sauti mbovu, imekatika katikati. Nimetoka jikoni mbio. Mwekundu yuko juu ya kinu, kifua mbele. Mweupe hayupo, mzururaji yule. Basi ni mwekundu. Nimecheka peke yangu. Kule kwetu, jogoo akiwika mama alimwitikia: "Nimeamka, baba!"

Jumamosi, 14 Juni
Mweupe kachinjwa. Shemeji kala firigisi, kasifu mchuzi.

Jumatatu, 16 Juni
Mwekundu hawiki. Kuku jike wa jirani akimsogelea, anakimbia. Leo jirani yangu, Mama Sabina, kauliza: "Dada, yule mweupe yuko wapi? Mbona siku hizi haji kuwika kwangu?"

Basi siku ile aliyewika ni mweupe. Kule kwetu nyumba zilikaa mbalimbali, kila jogoo ulimjua kwa sauti. Hapa tumepangwa mstari kama wanafunzi. Nimechinja mbegu. Mjinga mimi. Nimelia, na si kwa ajili ya kuku tu. Namtaka mama. Naitaka nyumba ile.

Alhamisi, 26 Juni
Kicheche kaingia bandani. Mwekundu kafa. Mbegu ya mama imeishia mikononi mwangu.

Jumapili, 6 Julai
Baada ya misa Mama Sabina kaniita uani kwake. Kuku wake mweusi katotoa vifaranga saba. Vitatu shingo wazi! Kijiji kizima hakuna aliyekuwa na kuku hao ila mimi. Kumbe mweupe hakuwa anazurura bure. Mama Sabina kacheka mpaka kashika ukuta. Anasema sasa sisi ni wakwe.

Kanipa kimoja kati ya hivyo vitatu. Nimekiacha kwa mama yake kikue kwanza. Tangu tuhamie sijawahi kukaa kwa jirani. Leo nimekaa hadi jua likapoa, tukichambua maharage.