Nimebadilisha mstari mmoja, majembe hayakukutana

Jumatano. Ukungu umegoma kuondoka Lushoto mpaka saa nne, soksi nilizoanika juzi bado mbichi, na mimi nina furaha ya mtu aliyepimwa akaambiwa hana kitu.

Mimi ndiye niliyeandika programu inayowatumia wakulima wa mfereji wetu ujumbe wa simu: kesho maji ni zamu ya nani. Nikajiita fundi. Watu wakakubali, maskini.

Mfereji una desturi yake. Aliyefiwa hamwagilii siku za msiba. Jirani wa chini yake huchukua zamu, kisha humrudishia. Kanuni hiyo niliinakili sehemu sita za programu. Mwezi uliopita kamati ya mfereji ikaongeza siku za msiba, nikarekebisha sehemu tano, ya sita nikaisahau.

Watu wawili wakakutana kwenye lango la maji alfajiri, kila mmoja na jembe lake, na simu mkononi kama ushahidi.

Mama Zuhura, mwenyekiti wa kamati, hakupaza sauti. Alisema kosa jingine moja, tunarudi kwenye ubao wa dukani, zamu ziandikwe kwa chaki kama zamani.

Basi wiki mbili nimefanya usafi ndani ya programu. Kanuni ya msiba inakaa mahali pamoja tu, na kila anayeihitaji huiuliza hapo. Kilichoitwa x2 sasa kinaitwa zamu_ya_kesho. Lile pande la mistari mia tatu nimelikata vipande, kila kimoja na kazi yake. Nikaweka na majaribio, nikikosea nijue mimi kabla ya majembe.

Jana Baba Rehema, mmoja wa wakulima wa mfereji, akafiwa na dada yake. Pole yao. Ndugu wanatoka mpaka Shume na Magoma, hivyo kamati ikasema siku za msiba ziwe saba. Mama Zuhura akanipigia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Fundi, kabichi za jirani yake wa chini hazifiki keshokutwa bila maji. Kesho nani na nani watakutana na majembe?"

Nikabadilisha mstari mmoja.

Mmoja! Nikakaa nikiutazama kama mtu asiyekumbuka kama amezima jiko.

Leo asubuhi akapiga tena. "Mzee Elia wa kabichi yuko langoni peke yake. Amechoka kusubiri wa kugombana naye."

Nimecheka mpaka chai ikamwagika.

Kumbe miaka yote niliyemwogopa si kompyuta. Ni mimi wa mwaka juzi, mwenye haraka zake.

Bado kuna kipande kimoja cha programu nilichokiita usiguse. Sikumbuki kwa nini.

Kesho, nikishakunywa chai, nitakigusa.