Kikohozi cha Babu na Shilingi ya Waziri

Masukulu, Rungwe,
Jumapili ya pili ya Juni

Mama yangu mpendwa,

Leo nitakueleza yote, hata yale niliyokuficha nilipokutumia salamu za mdomo. Barua hii anakuletea mama Neema, yule anayepeleka ndizi mpakani Kasumulu kila Jumanne. Nimechoka, mama. Ukiona mwandiko umelala, ujue ni hilo tu.

Nianze na siku ile, kwa sababu hatujawahi kuizungumza. Ulikuwa unamenya ndizi, mimi napuliza moto. Gari la maafisa wa uhamiaji likasimama penye migomba. Mwanzoni walikuuliza vizuri tu. Ukasema ulizaliwa Kyela, ukawaonyesha karatasi yenye namba kwa kuwa kitambulisho hakijatoka. Yule mrefu akasema, "Mama, Kiswahili chako ni cha ng'ambo ya mto Songwe, cha Malawi. Haya, mwenye kaya hii anaitwa nani?"

Ukanyamaza. Nilipofungua mdomo akaninyooshea kidole. "Wewe tulia, namuuliza mama yako."

Ndipo babu akakohoa nyuma ya migomba, kikohozi chake cha kila siku cha kukujulisha kwamba anapita, ili umpishe. Nawe ukafanya ulichofanya miaka yote: ukajifunika kitenge usoni, ukageuka, ukaenda upesi nyuma ya jiko.

"Anakimbia huyo!"

Babu alikohoa tena, na tena, mpaka gari likaondoka nawe. Nadhani alikuwa anakutetea, mama. Hakuwa na njia nyingine aliyoijua.

Tangu baba afariki, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wenu. "Mwambie yule wa juu chakula kiko tayari," ulikuwa unasema, na babu anajibu huku anatazama mparachichi, "Mwambie aliyepika, ndaga, asante sana." Unakumbuka siku ile chumvi ilipozidi? Aliniagiza, "Mwambie aliyepika, bahari iko Dar es Salaam, asituletee huku." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sasa napika mimi, babu anakula kimya. Bado anakohoa kabla ya kuingia uani, ingawa hakuna wa kumpisha.

Nilimweleza mwalimu wetu wa Uraia kwa nini ulinyamaza. Yeye ni mtu wa Singida, hakujua kwamba kwetu mke hamtazami baba mkwe wake wala hatamki jina lake. Akasema, "Andika hivyohivyo." Tukamwandikia mbunge mmoja mwanamke anayeuliza sana habari za mipakani. Mwalimu alitueleza kwamba wizara inayosimamia uhamiaji haijichotei fedha. Hata mafuta ya gari lililokubeba yanapitishwa na Bunge, na kabla ya kupitisha, wabunge wana haki ya kuuliza ya mwaka jana yalitumikaje.

Siku ya bajeti ya wizara hiyo tulisikiliza redio darasani. Mbunge wetu wa barua akasimama, akasema anashika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani anazuia bajeti yake isipite, hamwachii mpaka aeleze kwa nini watu wanavushwa mpaka bila kusikilizwa. Hakutaja jina lako. Alisema, "mama mmoja wa Rungwe aliyenyamaza kwa heshima." Darasa zima likanigeukia. Atu, ninayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Shilingi moja tu? Si angeshika hata elfu kumi!" Nikacheka huku nalia.

Wengine walimuunga mkono. Wengine walisema mpaka ni mrefu, maafisa waongezewe magari. Mwishowe Waziri akaahidi kwamba waliovushwa hivyo watasikilizwa upya, na mbunge akamrudishia shilingi yake. Niliumia. Nikamuuliza mwalimu mbona ameiachia mapema hivyo. "Ahadi imeingia kwenye kumbukumbu za Bunge," akanijibu. "Asipotimiza, mwakani wataanzia hapo." Mwakani, mama. Neno hilo lilinichosha kuliko kulima.

Lakini wiki hii tangazo limefika ofisi ya kata. Utasikilizwa Kasumulu, Jumatano ya mwisho ya mwezi huu. Utaulizwa maswali yaleyale na utayajibu mwenyewe, kisha ndugu mmoja mtu mzima wa kaya yetu athibitishe. Na ndugu mtu mzima tuliye naye ni mmoja tu.

Nilimsomea babu. Alichorachora chini kwa fimbo yake muda mrefu.

"Nitakwenda," akasema. "Mwambie nimemruhusu kulitamka jina langu, hata mbele ya watu."

Nikamwambia, "Babu, mtatazamana."

"Najua. Ila mwambie nitakohoa kwanza. Mimi sijui kuingia bila kukohoa."

Jana alipeleka koti lake kwa fundi likashonwe kwapa. Hajalivaa tangu msiba wa baba. Nami nimefua kitenge chako cha bluu, nitakuja nacho, ingawa sijui kama nafanya vizuri kukuletea kitu cha kujifunikia.

Kaa salama huko, usitoke kwenye baridi bila sweta. Nijibu kwa mkono wa mama Neema Jumanne ijayo, hata mstari mmoja, maana babu ananiuliza kila asubuhi na mimi sina la kumwambia: siku hiyo akikohoa mlangoni, mama, utabaki umesimama?

Mwanao, mdomo wenu wa siku zote,
Tusekile